Kusoma ufundi VETA kwa kipato kidogo: anza na nauli, siyo ada

Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) nchini Tanzania imekuwa sh. 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Ni ndogo kwa sababu gharama nyingine hubebwa na serikali, sehemu ikitokana na SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, 3.5% ya mishahara wanayolipa waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Lakini tozo hiyo haikupandishi Hiace.

Piga hesabu kabla ya kuchukua fomu. Tuseme unatoka Himo kwenda VETA Moshi, na nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000. Kwa siku 22 ni 44,000. Kwa miezi 10 ni 440,000, zaidi ya mara saba ya ada! Kwa hiyo bweni, linaloonekana ghali kwenye fomu, mara nyingi ndilo nafuu. Uliza kwanza kama chakula kimo na michango ni kiasi gani, kisha wahi, maana vitanda ni vichache.

Vifaa usinunue kabla hujaona orodha ya chuo. Buti za mtumba za soko la Memorial, Moshi, zinafaa, ila bonyeza ncha kwa kidole gumba: ikibonyea, haina chuma ndani, iache.

Kama tayari unachomelea au unatengeneza magari Unga Limited, Arusha, usianze upya. Omba urasimishaji ujuzi. Unapimwa kwa vitendo, unafundishwa pale palipopungua, unapewa cheti bila kuacha kazi miaka miwili. Jiandae kwa maswali ya usalama kazini na kusoma mchoro; hapo ndipo mafundi wazuri hukwama.

Serikali pia hutangaza nafasi za uanagenzi (kujifunza ufundi chuoni na kazini) na kulipa ada yote. Muda wa kuomba ni mfupi, hivyo weka tayari cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na barua ya mtendaji. Majina yafanane: "Elisante" kwenye cheti na "Elisanti" NIDA ni tatizo. Tengeneza hati ya kiapo mapema.

Binti aliyekatisha shule kwa ujauzito aende Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu na kuulizia Elimu Haina Mwisho, programu ya kuwarudisha masomoni mabinti kama yeye. Aulize pia mtoto atalelewa wapi wakati wa masomo, na ajibiwe kabla hajalipa chochote.