Gugu karoti likiwa jirani na kiota

Anayehesabu viota vya ndege wanaotaga ardhini kwenye mbuga za kaskazini mwa Tanzania, msimu wa mvua, asing'oe gugu karoti (gugu vamizi la kigeni, kitaalamu Parthenium) lililo kando ya mayai, hata likiwa limeanza kuchanua, kwani mama akikaa mbali muda mrefu mayai hupigwa na jua au kuliwa na kunguru. Aandike mahali hapo kwa jipiesi, apite bila kurudi kwa njia ileile, kisha alirudie gugu vifaranga wakishaondoka. Glavu ni lazima, maana mmea huo huwasha ngozi. Viatu navyo visuguliwe tope kabla ya kupanda gari. Mbegu zake ni ndogo mno na husafiri humo.