SOMO: Kupima kalsiamu ndani ya seli hai kwa Fura-2 (soma lote ndipo uulize)

Fura-2 ni rangi ambayo mng'ao wake hubadilika ikishika kalsiamu. Kila wiki swali ni lile lile: "Kalsiamu yangu imetoka hasi, au rangi ni feki?" Rangi si feki. Angalia hatua ya 6.

1. Otesha seli kwenye kioo chembamba. Plastiki hunyonya mwanga wa nm 340, na lenzi nyingi za kawaida pia.

2. Fura-2 AM (AM ni mkia unaoisaidia rangi kupenya kwenye seli) mikrogramu 50 + DMSO (kiyeyushi) kavu mikrolita 50 = mM 1. DMSO iliyovuta unyevu hutupwa.

3. Mikrolita 2 za rangi, mikrolita 2 za Pluronic F-127 (husaidia rangi kusambaa majini) ya 20%, kisha bafa mililita 1 isiyo na seramu. Seramu ina esterasi (vimeng'enya). Zikikata AM huko nje, rangi haiingii.

4. Dakika 30–45 gizani, joto la chumba. Kwenye 37°C rangi nyingi hujificha ndani ya vioganeli (vijisehemu vya ndani ya seli). Suuza, ngoja dakika 30 nyingine.

5. Angaza nm 340, kisha 380, pokea mng'ao wa 510. Ondoa kwa hesabu mwanga wa eneo lisilo na seli katika kila picha KABLA ya kugawanya. R = 340/380.

6. Rmin na Rmax, yaani R bila kalsiamu na R yenye kalsiamu tele. Hapa ndipo watu huangukia. Usidondoshe EGTA (kemikali inayoshika kalsiamu) kwenye bafa yenye kalsiamu ukadhani umemaliza. EGTA ikishika kalsiamu huachia protoni, pH inashuka; ikishuka kwa 1 tu, mshiko wa EGTA hupungua takriban mara 100, na ionomisini (hupitisha kalsiamu kwenye utando wa seli) nayo hulegea kwenye asidi. Kalsiamu inabaki, Rmin inatoka kubwa kuliko R ya seli zilizotulia, ndiyo hasi yako hiyo. Tengeneza bafa ya pembeni: bila kalsiamu, EGTA mM 10, HEPES (ya kutuliza pH) mM 20, pH 7.4 irekebishwe BAADA ya EGTA kuyeyuka. Suuza nayo mara mbili, weka ionomisini µM 5, subiri mstari wa R kwenye grafu ulale (dakika 10–15, usiibe muda). Kwa Rmax, bafa yenye kalsiamu mM 10 na ionomisini. Isiwe na fosfeti, itashikana na kalsiamu na kutengeneza mashapo. Badala ya ionomisini usitumie A23187 ya kawaida, nayo hung'aa.

7. Ca = Kd × β × (R − Rmin)/(Rmax − R). β ni mng'ao wa 380 bila kalsiamu, gawanya kwa ule wa kalsiamu tele. Kd ni kipimo cha jinsi rangi inavyoshika kalsiamu; ile ya nM 224 ni ya 37°C.

Kioo_Cheusi: Mkuu, Rmin 0.9, seli zimetulia 0.7. Msaada haraka.
Mleta somo: Hatua ya 6. pH ulipima?
Kioo_Cheusi: Bado.
Mleta somo: Haya.

Pipeti: Kwa nini tusitumie Fluo-4, rangi nyingine ya kalsiamu? Haihitaji 340.
Mleta somo: Swali zuri. Fluo-4 ni nzuri kwa mapigo ya haraka na leza ya 488. Ila ina mng'ao mmoja: seli nene, au iliyomeza rangi nyingi, itaonekana kama ina kalsiamu nyingi. Uwiano wa Fura-2 hufuta hilo.

Shamba_la_Seli: Nje hakuna kalsiamu, ila nikiongeza zinki R inapanda.
Mleta somo: Fura-2 hushika zinki kwa nguvu kuliko kalsiamu. Weka TPEN (hushika zinki) µM 20: R ikirudi chini upesi, shuku zinki. Kalsiamu ya ndani ya seli TPEN haiigusi sana.

Pipeti: Seli zangu hutema rangi ndani ya nusu saa.
Mleta somo: Probenesidi (huzuia seli kutoa rangi nje) mM 1–2.5. Iyeyushe kwanza kwenye NaOH, halafu rudisha pH.
Kioo_Cheusi: pH 6.6.
Mleta somo: Mwaga, anza na bafa mpya.