Somo: Kusoma utabiri wa bahari Lindi na Mtwara wakati kaskazi inakatika na kusi inaingia

Somo hili nimewaandikia manahodha wa vyombo vidogo, wavuvi, wakulima wa mwani na wote wanaosafiri kwa mashua kati ya Kilwa na Msimbati katika miezi ya Machi, Aprili na Mei. Kaskazi ya Januari kila mtu anaijua, na kusi ya Julai haihitaji kutambulishwa. Miezi hii ya katikati, ambayo wazee huiita tanga mbili, ndiyo yenye kudanganya: alfajiri unatoka na umande, yaani upepo utokao nchi kavu, saa sita bahari imelala, alasiri matlai, upepo wa mashariki, inakuja na mawimbi mafupi, na yote hayo yalikuwemo ndani ya utabiri ule ule uliousikia redioni jana usiku.

Ninachotaka mwanachama akishike ni hiki: utabiri husomwa kwa saa ya kurudi. Wengi wetu tunausikiliza ili kujua kama tutoke au tusitoke, tukitazama maji ya alfajiri yaliyotulia tunajijibu wenyewe. Mimi nilifundishwa na mlango wa mto Lukuledi, pale Lindi, mwishoni mwa Aprili mmoja, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tulitoka shwari, tukavua vizuri, tukarudi saa kumi na mbili jioni. Upepo wa mashariki haukuwa wa kutisha hata kidogo. Lakini maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu, mto umejaa mvua za bara, na pale mkondo unaotoka ulipokutana na upepo unaoingia mawimbi yalisimama wima, yakifuatana bila nafasi. Mwenzangu alitoa maji ya ngama, yaliyojikusanya chini ndani ya chombo, kwa kidumu kilichokatwa mpaka mpini wa kamba ukamchubua kiganja. Utabiri wa siku ile ulikuwa sahihi neno kwa neno. Mimi ndiye niliyesoma nusu yake.

Hatua ya kwanza: tambua ni utabiri upi unaokuhusu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, hutoa utabiri wa msimu, wa siku kadhaa na wa saa 24. Katika utabiri wa msimu watu wetu huchanganya jambo moja kila mwaka. Mikoa ya Lindi na Mtwara iko katika eneo linalopata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo unaposikia utabiri wa masika ya Machi hadi Mei, ujue kwamba unawahusu hasa wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Pemba na wengine wenye misimu miwili. Kwetu wakati huo mvua ziko ukingoni, kwa sababu ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua, uliokuwa kusini unarejea kaskazini.

Katika utabiri wa kila siku tafuta maneno "pwani ya kusini". Ndiyo Lindi na Mtwara. Kasi ya upepo iliyosomwa kwa pwani ya kaskazini si yako, hata kama imetangulia kusomwa.

Hatua ya pili: soma tahadhari mpaka mstari wa mwisho

Rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hizo hazipimi ukali wa upepo peke yake. Chini yake kuna mistari miwili ambayo watu huiruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Angalizo linaweza kuwa na maana kwamba jambo lenye athari kubwa lina uwezekano mdogo wa kutokea, na mwenye ngalawa hapaswi kulichukulia sawa na angalizo la upepo wa kawaida.

Maneno utakayokutana nayo mara nyingi ni "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2". Kilomita 40 kwa saa ni karibu noti 22, kwa kuwa noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Ama urefu wa wimbi unaotajwa katika utabiri wa bahari, kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Katika saa chache utakazokuwa nje, wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya kipimo hicho. Aliyeambiwa mita 2 ajiandae kukutana na mita 3 na nusu angalau mara moja, na hiyo mara moja ndiyo inayopindua chombo.

Kuanzia mwishoni mwa Aprili tahadhari nyingi za upepo hutolewa mbingu ikiwa nyeupe kabisa, na hapo ndipo watu hucheka. Kusi haihitaji wingu. Inapata nguvu pale mgandamizo mkubwa wa hewa unapoimarika kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Mauritius na Réunion, mbali sana na macho yako.

Hatua ya tatu: weka saa za maji juu ya saa za upepo

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na utabiri wa redioni hautakufanyia kazi hii.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka, na tofauti hupungua sana. Machi ina uzito wake: karibu na tarehe 21, jua linapokuwa juu ya ikweta, bamvua huwa kubwa kuliko za miezi mingi.

Sasa zipange. Upepo wa bahari hukomaa alasiri. Siku ya bamvua maji huanza kutoka baada ya saa kumi jioni, na kasi yake kubwa huwa saa ya tatu na ya nne ya kupwa, yaani kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Mlango wowote unaotazama mashariki, ukiwa na mto nyuma yake, utakuwa mbaya saa hizo hata kama upepo ni wa wastani. Nahodha mwenye hesabu hii atapita mlangoni kabla ya saa kumi, maji yakiwa bado yanaingia na upepo, vyote vikienda upande mmoja. Ndiyo maana nilisema saa ya kurudi.

Nje ya ghuba kuna mkondo mwingine. Mkondo mkuu utokao mashariki mwa bahari hugonga bara karibu na Rasi Delgado, jirani kabisa na mpaka wetu wa Ruvuma, ukagawanyika: tawi moja hushuka Msumbiji, jingine hupanda kaskazini kupita mbele ya Mtwara na Lindi. Tawi letu huenda kaskazini mwaka mzima. Kaskazi inapovuma hukabiliana nalo, na mawimbi huwa mafupi yenye kusimama. Kusi ikiingia vyote huenda pamoja, wimbi hurefuka na chombo hupumua, lakini mashine ikizima utasogea haraka. Kwa mkondo wa noti 2, siku moja ni karibu kilomita 90.

Hatua ya nne: tumia ramani za simu kwa akili

Ramani nyingi za upepo hutumia saa ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Iliyoandikwa 06 ni saa tatu asubuhi kwetu. 12 ni saa tisa alasiri. Mkosefu wa hesabu hii huona upepo wa alasiri akadhani ni wa adhuhuri.

Hatua ya tano: tazama, kisha tazama tena

Wingu lenye tako jeusi na kichwa kilichotandaza kama uyoga, upepo kufa ghafla, kisha baridi kukupiga usoni: hapo shusha tanga kwanza, maswali baadaye. Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka ngurumo; kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja.

Mwenye barometa, au simu yenye kipimo hicho, asitishwe na kushuka kwa kila siku. Ukanda wetu mgandamizo hupanda kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana. Ikiwa imepungua hektopaskali 3 au zaidi, usitoke, na uulize habari za kimbunga.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Sudi: Nahodha, shikamoo. Ramani ya Ulaya na ile ya Marekani zinapishana kwa siku ileile. Nifuate ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Zikipishana kwa siku ya nne au ya tano, hilo lenyewe ni habari: hali haijatulia, usipange safari ndefu. Zikipishana kwa kesho, chukua iliyo mbaya zaidi, kisha usikilize TMA. Kumbuka pia kwamba ile ya Marekani, GFS, hugawa dunia kwa vipande vya kilomita 28 hivi. Ghuba yako ya Sudi yote inaingia ndani ya kipande kimoja, kwa hiyo umande na upepo wa bahari karibu na ufuo haiuoni vizuri.

Mwanachama wa Naumbu: Mimi nalima mwani. Kwangu upepo si shida sana. Nitazame nini?

Jibu: Dada yangu, wewe tazama mvua ya asubuhi siku za bamvua. Maji yamepwa saa nne, mwani uko karibu na hewa, mvua kubwa ikinyesha hapo maji baridi yanaupunguzia chumvi na unadhoofika. Ukiona utabiri wa mvua kubwa na bamvua vimeangukia siku moja, na mwani umekomaa, vuna siku moja kabla. Na kwa bamvua za Machi kaza vigingi na kamba mapema, maji yakitoka huvuta.

Mwanachama wa Msimbati: Wazee husema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, huku havifiki. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ingawa ni adimu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth iliingia nchi kavu tarehe 25 Aprili 2019 kaskazini ya Pemba, nao ni mji wa Msumbiji, si kisiwa chetu. Wengi walichanganya majina wakadhani hatari iko Zanzibar. Hidaya ikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati wengi walishahesabu kwamba msimu umekwisha. Kanuni ya haraka ni hii: simama upepo ukupige mgongoni, huku kusini mwa ikweta kitovu cha kimbunga kiko upande wa mkono wako wa kulia. Tahadhari na jambo moja: kikipita kusini yetu, kama Kenneth, upepo hutoka bara, na maji ya ufukweni huonekana yamelala. Hayo yasikutoe.

Mwanachama wa Kilwa Kivinje: Babu yangu alihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa pwani, na hakuwa na simu. Je, hesabu ile imepitwa?

Jibu: Hesabu ya babu ni nzuri, ila inajibu swali lingine. Miongo, kila mmoja siku kumi, inakuambia ni kawaida ya bahari kufanya nini wakati huu wa mwaka. Haikuambii Jumanne itakuwaje. Pia mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka 4 unasogea siku moja. Mwongo aliouhesabu yeye akiwa kijana leo hauko mahali pale pale penye majira. Mimi naitumia kujua lini nianze kuitarajia kusi, kisha nasikiliza redio.

Mwanachama wa Lindi mjini: Tuseme nimekosea kama ulivyokosea wewe. Niko nje, ni saa kumi na mbili jioni, siku ya bamvua, na mawimbi yanavunja mlangoni. Nifanye nini?

Jibu: Usiuparamie mlango. Rudi nyuma mahali penye kina ambapo mawimbi hayavunji, punguza tanga au mashine, elekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye wimbi, na uwashe taa. Piga simu nyumbani uwaambie utachelewa, wasije wakatoka kukutafuta wakaingia mlangoni wao. Maji yatasimama karibu saa nne usiku. Ngoja mpaka yaanze kujaa, kama saa tano hivi. Kwa kawaida upepo utakuwa umeshapungua. Mlango huo huo utaupita ukiwa umekaa.