Kumwita Mwanafunzi kwa Jina Lake Sawasawa

Mwalimu, rejista moja ya shule ya Kisauni au Changamwe, Mombasa, yaweza kuwa na Tsuma, Achieng', Muthoni, Mghoi na Fatma kwenye ukurasa mmoja. Usiisome kwa sauti kabla hujayasikia majina kwa wenyewe. Siku ya kwanza pita dawati hadi dawati, kila mtoto alitamke lake mara mbili nawe ulirudie. Pembeni andika kwa penseli ulivyosikia. Kisha jioni fanyia mazoezi majina 10. Darasa la watoto 50 litakwisha kwa siku tano.

Herufi ndizo zinazodanganya. Kwenye Muthoni la Kikuyu, th ni dh ya "dhahabu", na u huelekea o, maana alama ya juu ya ũ huachwa mtu anapoandikishwa. Okoth la Kijaluo lina th ya "themanini", na jina huishia hapo hapo, usiongeze i. Achieng' nalo: anza kusema "ng'ombe", ukate kabla ya o. Mghoi la Kitaita lina gh ya "ghali".

Majina ya Kimijikenda huumizwa hata na sisi tuliozaliwa Pwani. Kwenye Tsuma, t na s hutoka pamoja, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu. Ukisema "Chuma" darasa litacheka, na mtoto ataitwa hivyo uwanjani muhula mzima. Kadzo vilevile: si Kajo, wala si Kazo.

Fatma Omar Said ni Fatma. Omar ni babake, Said ni babu yake. Ukiita "Omar!" umemwita mtu aliye kazini.

Ukikosea, sema "Samahani, Tsuma," kisha endelea na somo. Radhi ndefu huyageuza macho yote kwake. Usimwambie jina lake ni gumu, na usilifupishe bila idhini yake. Kwenye karatasi za mtihani fuata herufi za cheti cha kuzaliwa. Matamshi yabaki kwenye penseli yako.

Jihadhari na "ndio, mwalimu". Watoto wengi kwa adabu hawamsahihishi mkubwa, na wataitikia hata jina lililopotoka. Muulize faraghani: "Nyumbani mama anakuitaje?" Akilisema, liandike hilo, hata kama lapingana na kanuni zote za hapo juu.