Picha za Kulipwa Lamu: Anza na Harusi

Wasichana wa hapa wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza nani atawalipa. Wageni wa Shela, kijiji jirani cha watalii, huja kwa msimu, na sherehe kubwa za mji ni chache kwa mwaka, lakini watu wataoa tu. Tena hafla za wanawake haingii mwanamume. Mpiga picha mwanamke anayeijua kazi yake ana mlango wake Lamu, basi apite hapo.

Ndani ya hafla ile wanawake wamevua mabuibui, nywele zimetengenezwa, na bibi harusi amepambwa kwa macho ya walioalikwa peke yao. Mara nyingi hata simu huzuiwa mlangoni. Picha utakazotoka nazo ni amana, na utaulizwa habari ya amana hiyo kabla ya kuulizwa bei. Kaa mapema na mama wa bibi harusi, na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, akiwepo ni bora zaidi, mkubaliane wazi. Msaidizi wako awe mwanamke. Kamera isiunganishwe na simu, na simu yako isipandishe kitu chochote kwenye intaneti yenyewe kwa siri. Hakuna picha itakayowekwa mtandaoni, hata ya mkono mtupu wenye hina, bila neno la mwenyewe, kwa sababu Lamu mtu hujulikana kwa pete.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kuchapisha. Ukizipeleka picha kwenye duka ambalo kijana wa kiume ndiye anayekaa kwenye mashine, umeshaivunja amana. Nunua printa ndogo uchapishe nyumbani, au tafuta duka ambalo mwanamke ndiye anayechapisha, ukae naye mpaka karatasi ya mwisho. Zilizoharibika pia ondoka nazo. Mimi humkabidhi bibi harusi albamu na flashi diski mbili, akisharidhika nafuta zangu mbele yake. Najua wapiga picha wa miji mingine huona hiyo ni hasara. Kwangu ndiyo biashara yenyewe: dada yake akiolewa, simu hupigwa kwangu.

Sasa mwanga. Nyumba za kale za mji zina dari za boriti za mikoko, nyeusi kwa miaka, na ukielekeza taa ya flashi juu, dari inaumeza mwanga wote. Igeuze kwenye ukuta wa chokaa ulio ubavuni mwako. Ukuta mweupe utaurudisha mwanga laini usoni. Kukiwa na zidaka, vile vishimo vya nakshi vya ukutani, nyuma ya bibi harusi, mwache akae hatua mbili tatu mbele ya ukuta huo ili vivuli vya zile nakshi visimchafue. Taa za rangi zinazokodishwa siku hizi ni adui wa hina: chini ya taa ya buluu, hina nyekundu na piko jeusi huwa kitu kimoja. Kwa hivyo mikono ipige mchana, siku ya kutiwa hina, karibu na ua au dirisha. Mpige picha bibi harusi akiwa amechoka kidogo na vidole vimelegea, wakati hina inaanza kukauka na kupasuka pembeni. Hapo kila jani na kila tone huonekana, na mkono hauna ule ugumu wa kupangwa.

Arbuni ya nusu ilipwe kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe, na makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaichukulia picha iliyoagizwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwenye harusi hilo halinisumbui. Kwenye kazi ya hoteli linaweza kukuumiza, basi andika haki gani unawapa, kwa muda gani, na kama unaweza kuziuza picha kwingine. Tena picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo idhini ya walioonekana pia iandikwe.

Kazi ya nje inataka uijue dira ya mji. Ukingo wa bahari wa Lamu unatazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, hivyo jua la asubuhi hupiga moja kwa moja kwenye nyuso za nyumba, mashua na punda wanaopakiwa mawe. Huku karibu na ikweta jua hupanda wima na mwanga mwororo hauna subira: uwe umeshafika saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa moja na nusu uwe umemaliza. Jioni jua huzama nyuma ya mji, kwa hivyo vuka Manda ukitaka minara na mapaa yawe meusi mbele ya mbingu. Saa sita mchana, wakati kila mtu anafunga kamera, ingia vichochoroni. Jua hugonga juu ya ukuta mmoja na kushukia ule wa pili, na mtu aliyesimama kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, hupata mwanga ambao taa ya kununua haitoi. Ila mtu huyo aombwe. Toa salamu, jitambulishe wewe ni wa nani, kisha uliza. Mwanamke akishusha ushungi, umejibiwa.

Mashindano ya mashua ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Usipande mashua inayoshindana, maana utakuwa mzigo na utaona miguu tu. Kodi boti nyingine, elewana na nahodha bei na njia kabla hamjaondoka. Ukitaka tumbo la tanga lililojaa upepo, akuweke upande wa demani, upepo unakoelekea. Ukitaka nyuso za mabaharia walionyoosha miili juu ya ubao nje ya chombo, akupeleke upande wa goshi, upepo unakotoka, mbali ya kutosha msiwakate upepo wala njia. Spidi ya kamera isipungue 1/1000 ya sekunde. Mahali penyewe ni kwenye boya la kugeuzia: foromali, ule mti unaobeba tanga, inazunguka, tanga linapigapiga, watu wanapiga kelele na kukimbilia upande wa pili, na maji yanaingia ndani huku mmoja anayatoa kwa kata. Fika hapo kabla yao, tulia, usiangalie picha ulizopiga mpaka wa mwisho apite.

Maji ya chumvi hayangoji. Ukirudi, pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na usibadilishe lenzi ufukweni. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba nusu saa kwanza, la sivyo kioo kitafanya ukungu. Droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mkondo.

Maulidi ya Mfunguo Sita, panapokusanyika umati Msikiti wa Riyadha, ombeni ruhusa kwa wazee siku kadhaa kabla. Ramadhani harusi hakuna, na mvua za masika zikianza wageni hupungua na baadhi ya nyumba za Shela hufungwa. Tenga pesa za miezi hiyo kutoka kwenye harusi za baada ya Idi. Picha za pasipoti usizidharau: shuka jeupe, kiti, na mwanga wa daka vinatosha, na anayekuja kwa pasipoti leo humleta binti yake mwakani.

Kuhusu kamera, basi: nunua iliyotumika, yenye kuona vizuri gizani, na lenzi moja ya milimita 35 au 50 inayofunguka sana kuingiza mwanga, hadi f/1.8. Pesa inayobaki nunua betri ya pili na ile printa.