Polisi wa Illinois, Marekani, wamekunyima video? Fanya hivi
Kwanza andika ombi lako kwa sheria ya FOIA (inayokupa haki ya kupata kumbukumbu za serikali), taja tarehe, mtaa na namba ya kesi kama unayo, ukisema tu "nipeni kila kitu" umewapa sababu ya kukuzungusha. Wana siku 5 za kazi kujibu, wanaweza kujiongezea 5 nyingine. Sasa wimbo wao ni "uchunguzi unaendelea", hapo usiondoke, uliza uchunguzi ni wa nani? Mwandishi Brandon Smith alishinda Chicago 2015 kwa hoja hiyohiyo, kumbe waliokuwa wanachunguza ni taasisi nyingine, si polisi aliowaomba, jaji akaamuru video ya Laquan McDonald, kijana aliyeuawa kwa risasi na polisi, itolewe. Barua ya kukataliwa itunze, ndo unaenda nayo mahakamani, na ukishinda wao ndo wanalipia wakili wako.