Kutu Iliyojificha Chini ya Rangi ya Lulu

Gari kuukuu la Mombasa huliwa kutoka ndani. Upepo wa bahari una chumvi, na anayevuka kivuko cha Likoni kila siku anaijua. Ukiona rangi imefura kidogo pembeni mwa tao la gurudumu, usipake juu yake. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu. Toa kapeti, kagua matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Yakiziba matope, kutu imeanzia hapo.

Bati lililotoboka nalikata hadi chuma kizima, natenganisha betri, nachomelea kipande kipya. Kuziba tundu kwa puti (ule udongo wa kujazia bodi) pekee sikubali kabisa, puti hunyonya maji. Piga msasa namba 80, futa mafuta, paka praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kikilala katika hewa yetu, asubuhi kimeshaota wekundu.

Kazi yenyewe ni rangi ya lulu, ile yenye chembe zinazometameta. Tabaka ni tatu: rangi ya msingi, lulu, na klia, yaani vanishi angavu ya juu. Kila mkono wa lulu, yaani kila mpulizo mzima, hubadilisha rangi, kwa hiyo puliza kwanza vibati vya majaribio: kimoja mkono mmoja, kingine miwili, kingine mitatu. Vipake klia, uvilinganishe na gari juani, si ndani ya gereji. Lulu ififie taratibu hadi paneli ya jirani, klia ifunike paneli nzima. Vaa barakoa ya vichujio, tafadhali. Mvuke wa klia unaumiza mapafu.

Ikikauka, nyunyizia nta ndani ya mlango na kizingiti, matundu yabaki wazi.